Tundu Moja Ubavuni mwa Bihogo

Baraka, Jumapili

Dada yangu mkubwa, yaya Umulisa,

Kabla ya salamu nakuomba: isome barua hii ukiwa peke yako, hata shemeji asiione, na ukimaliza uitie motoni. Nisamehe kwa kuanza hivyo. Natumaini homa ya mtoto imepoa, na kwamba huko Nundu mnaendelea vizuri kwa neema ya Bwana. Mimi ni mzima wa mwili.

Najua umesikia kwamba Bihogo amekufa, yule ng'ombe mwekundu ambaye wakwe zako walimletea baba siku ya mahari yako. Alikutwa amelala kwenye mihogo, chini ya malisho yetu ya Bibokoboko, na kando yake amesimama Raphaël, mwindaji mzee wa Lubondja, na bunduki yake ya kuwindia, kalibre 12, begani. Vijana wetu walimfunga kamba wakamleta hapa Baraka, ofisini kwetu polisi, na mimi karani nikaandika hati. Baba amekataa fidia. Anasema ng'ombe wa mahari halipwi, mtu afungwe.

Patrice, muganga wa mifugo, alimkagua Bihogo. Alisema kuna tundu moja tu la kuingilia, dogo kama ncha ya kidole, ubavuni, na kidonda kilikuwa na umri wa siku mbili.

Nimechapa ripoti nyingi za silaha hapa, yaya. Bunduki nyepesi za jeshi zimetengenezwa kwa ajili ya watu. Risasi zake ni ndogo, zina kasi, na hazihitaji kuua papo hapo. Aliyejeruhiwa anabebwa na wenzake wawili, na hivyo watatu wanatoka vitani. Kwa mnyama mkubwa ni jambo jingine. Raphaël alinieleza bila hasira, kama anayefundisha. Alisema, "Mutoto, ile ya vita inatoboa, haiangushe. Nyama inatembea, inaenda kufa mbali, kwa bengine. Yangu inaacha tundu ya kuingiza ngumi. Ningemupiga mimi, mungenikuta niko nachuna ngozi."

Nilimwuliza mkuu wetu, shefu Roger, kama niandike habari ya tundu. Alijibu kwamba siku zote, kwenye nafasi ya aina ya silaha, tunaandika ile aliyokutwa nayo mtu. Nikasema risasi hii haikutoka kwenye kalibre 12. Akacheka: "Éliezer, we ulikuwa pale risasi ikipita?" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka. Kisha nikachapa "kalibre 12" na kutia sahihi.

Nilikuwa pale, yaya.

Unakumbuka nilikuja nyumbani kwa likizo. Asubuhi moja ya ukungu, siku mbili kabla Bihogo hajakutwa, nilimfuata binamu yetu Muhoza kwenye ulinzi wa ng'ombe. Nilimwomba anipe bunduki yake ya kijeshi nipige risasi moja tu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuandika juu ya kitu nisichokijua. Ng'ambo ya korongo kitu chekundu kilisogea kwenye matete. Tukasema ni nguruwe wa pori. Nikapiga. Kilitikisika kidogo, kikaendelea kula. Muhoza alinitania kwamba nimekosa, nirudi kwenye kalamu yangu. Alipogeuka kuondoka, mimi nilikuwa bado natazama. Niliona pembe. Nilijiambia kwamba ng'ombe aliyepigwa hawezi kuendelea kula.

Alhamisi Raphaël atapelekwa Uvira. Ana miaka sabini na anakohoa. Huko juu Bibokoboko vijana wetu wanasema Lubondja italipa, na huko Lubondja nao wanajibu. Nenda kwa baba kabla ya siku hiyo, umwambie kwa mdomo wako. Muhoza hana kosa.

Wasalimie wote, hasa mtoto. Usinipigie simu, inashikwa na watu wengi. Jibu la baba mpe mama Félicité anayeuza samaki wa ndagala sokoni. Asubuhi napita kwake. Hata baba asiponijibu, ukija Baraka Alhamisi usiniulizie kwenye meza ya karani. Pita nyuma, kwenye benchi wanapokalishwa washitakiwa. Nitakuwa nimekaa kando ya Raphaël.

Mdogo wako,
Éliezer