Mgeni Haambiwi Mbali

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mpui ulezi tumeshavuna, mama yako mdogo amejifungua salama, na miguu yangu imechoka kuliko mimi mwenyewe.

Umeniuliza ni maneno gani ya Kiingereza niliyotangulia kuyajua. Ni “near” na “far”; tulifundishwa shuleni. Mwaka huohuo mzungu mmoja alipita kwetu kwa miguu, akaniuliza kama misheni ni mbali. Nilitaka kumjibu “far”, maana ni mwendo wa kutwa. Baba akanikatiza kwa Kifipa: “Mgeni haambiwi mbali. Atavunjika moyo. Mwambie ni karibu.”

Nikasema “near”. Mzungu akafurahi. Baba naye akachukua fimbo yake na viazi vya kuchemsha, akaondoka naye.

Alirudi kesho yake, miguu imevimba. Nikamuuliza kwa nini tulimdanganya mgeni.

“Tulimdanganya wapi?” akasema. “Kwani alitembea peke yake?”

Sasa umeniandikia kwamba Mtwara ni mbali, huenda Krismasi usije. Najua ni mbali, mama. Ila fimbo ya baba bado iko nyuma ya mlango, na safari hii anayehitaji kusindikizwa ni mimi.

Bibi yako