Mama Alipousikia Mchezo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta tatu za wateja mezani, zote mbovu, za kutengenezwa. Katika ile kuukuu nimekuta mchezo wa bunduki tuliokuwa tukiucheza enzi za shule hadi tunasahau kula. Unaona mikono na bunduki tu, mengine kuta na maadui. Nitaona kama bado una ladha. Mama yuko uani na binti yangu Neema. Amekubali kutoka Djugu, kwenye vita, juzijuzi, kwa shida. Sasa anaanza kucheka. Nataka abaki.

Jumanne, 4 Machi
Sura za watu wa mchezo ni mbaya, za mraba kama matofali. Wanakwama milangoni. Lakini vidole vyangu vinakumbuka kila kona. Nimefurahi kijinga.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechomeka spika kubwa za mteja, nikaongeza sauti. Hapo mchezo haujazeeka hata kidogo. Risasi zinalia kama za kweli.

Nilipotoka chumba cha kazi kwenda kula, nyumba tupu, mke wangu bado sokoni. Neema hayupo. Sufuria kubwa haipo, wala godoro. Nikajua: Mama amekimbia kama wanavyokimbia kwao, mtoto mgongoni, godoro kichwani, bila kuuliza.

Nimewakuta kwenye ua wa parokia. Majirani wawili wamemfuata na magodoro yao. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniita. Akanitangulia, akinishikashika mikono.

“Nilisikia risasi inatoka kwako. Nikajua weye ulishakufa. Nikabeba mutoto.”

Ijumaa, 7 Machi
Majirani wanatania, wananiita komanda. Nimewachukia. Mama ana aibu, mimi zaidi. Amefunga furushi, anataka kwenda kwa dada yake huko Nyankunde. Mke wangu amemsihi, wapi. Naogopa ataondoka, na kosa litakuwa langu.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa ameomba auone huo mchezo. Nikauwasha bila sauti. Akakaa karibu, Neema mapajani, akatazama ile mikono ikipita chumba hadi chumba.

“Huyu mutu mwenye bunduki, kwake ni wapi?”

Nikafikiri. Vyumba vyote navijua, hakuna hata kimoja chenye kitanda. Nikamwambia hana kwake. Akamtazama tena, kwa muda, akasema maskini.

Nikazima. Hakusema kama atabaki. Ameingia ndani, amefungua furushi, anakunja vitenge vyake na kuvirudisha kabatini.