Sinema ya Mwanamke Aliyetoka Kaburini

Nyaishozi, Karagwe

Shikamoo Baba,

Nimefika salama, na ndizi za huku ni tamu kama za kwetu Muleba. Jana mchana mwenye sinema alifunika madirisha ya ghala la kahawa kwa mablanketi, akatuonyesha picha iliyopata tuzo huko Ulaya. Maisha ya mwanamke yanakwenda kinyumenyume: anainuka kaburini, anarudi jikoni, moshi unaingia tena kwenye kuni, mwisho anakuwa msichana.

Katekista alisimama akafoka, "Huku ni kuwachezea wafu!" Nusu ya watu wakatoka naye. Bibi mmoja niliyekaa naye benchi moja akawaambia huku analia, "Nendeni. Mwacheni mama wa watu apike."

Nilimshika mkono mpaka picha ikaisha. Nami nililia, Baba. Tangu tumzike Mama hatujalitaja jina lake nyumbani. Nimekuwa nikinyamaza nisikuumize, na labda nawe unanyamaza kwa ajili yangu. Nikirudi Jumamosi, naomba unisimulie alivyokuwa siku ulipomwona mara ya kwanza.

Jifunike vizuri, mvua zimeanza.

Mwanao akupendaye,
Koku