Volyumu ya Pili

Jumatatu, 3 Juni

Chai, mihogo, halafu meneja. Karudi kutoka semina Mbeya na neno jipya: kioo. Anataka kila tunachohifadhi hapa redioni Tunduma kijinakili sekunde ile ile kwenye mtambo wetu wa Mlowo. Nimemweleza kioo huiga kila kitu, hata upumbavu. Nikamwomba atuachie ile nakala ya kila usiku, inayokaa pembeni bila kuguswa. Inakula nafasi, kasema. Imefutwa. "Kaka, unapenda mambo ya kizamani." Nina miaka hamsini na mbili. Mimi mwenyewe ni jambo la kizamani.

Jumanne, 4 Juni

Mlowo tangu asubuhi, kuunganisha kioo. Kimekubali. Mgongo wangu umekataa.

Narudi, namkuta Mama Atu. Binti wa marehemu Bi Namonje, yule aliyekuwa akisimulia ngano za Kinamwanga kwetu kila Jumapili. Jumamosi wanasimika msalaba kaburini, anataka sauti ya mama yake isikike pale. Binti yake, Atu, amejifungua, na mtoto hakumkuta Bi Namonje. Nikamwambia, "Dada, hilo dogo." Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 6 Juni

Sina hamu ya kuandika.

Jana jioni meneja alikuwa kwake anasikiliza redio. Muziki wa studio ya pili ukawa unamfunika mtangazaji. Akamtumia Tekla, msaidizi wangu, ujumbe: "Volyumu ya pili imezidi. Iondoe." Tekla alikuwa zamu kwenye mtambo wa kuhifadhia wa hapa, si studio. Na mtamboni, volyumu ni fungu la kuhifadhia. La pili lilikuwa limejaa pomoni, taa nyekundu inawaka tangu wiki iliyopita. Ujumbe ukamwingia sawasawa. Mtambo ukamuuliza kama ana uhakika. Ukamuuliza tena. Alikuwa na uhakika.

Ngano zote zilikuwa humo.

Nikachungulia Mlowo. Kioo kimetii kama askari. Hamna kitu.

Muziki, kwa taarifa, uliendelea kupiga kelele mpaka matangazo yakafungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi wa waliotuuzia mtambo kanisikiliza kwenye simu, kisha kauliza kama kuna kitu kimeandikwa juu ya fungu lile tangu lifutwe. Kipo. Meneja kaona nafasi, kajaza matangazo ya magodoro. Basi, kasema fundi, hazirudi. Basi.

Tekla analia chooni. Nimemwambia hata mimi ningefuta. Si kweli sana, lakini ni karibu na kweli. Meneja kaniuliza kwa nini kioo hakikuzuia. Nimemwambia kioo hakina akili. Kasema basi tulinunua cha nini. Nikatoka nje nikaangalia malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani. Yalinituliza. Kuna wanaokwama kuliko mimi.

Kisha nikaenda kwa Mama Atu. Nilitaka anitukane.

"Kaka, si ulisema dogo?"

Hilo tu. Afadhali matusi.

Akaendelea kuchambua maharage. Halafu: "Ngoja. Mama mdogo, ng'ambo kule Nakonde. Huyo alikuwa anarekodi redio kwa simu, awapelekee wanawe Kitwe."

Jumamosi, 8 Juni

Mama mdogo alivuka mpaka asubuhi na simu yake iliyopasuka kioo. Cha kwanza nilichofanya ni kuinakili rekodi kwenye flashi. Flashi mfukoni. Mfuko nikaufunga pini.

Rekodi yenyewe ni vurugu. Kuku. Sufuria. Mama mdogo mwenyewe anacheka, anaijibu redio kana kwamba Bi Namonje yumo jikoni. "We dada we, mwongo!" Na nyuma ya yote hayo, mbali, Bi Namonje anaendelea na sungura wake, wala hana haraka.

Ngano moja tu. Nyingine hazipo tena.

Tulisimama kaburini. Meneja alikuja, nimshukuru kwa hilo. Akasogea kwenye spika nilipoinama, akaninong'oneza kwa dhati kabisa: "Kaka, volyumu vipi?"

Tekla akatazama viatu vyake. Niliipandisha taratibu, kuku na sufuria na vyote, mpaka mtoto mgongoni kwa Atu akageuza kichwa.