Ndoo Isiyofika Mstari

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dada Mboji, kwa wote wanaoleta ndoo. Lile la kwenye kitambulisho afande ameshaliona.
Umri: Miaka 47
Kazi: Msimamizi wa kituo cha mtaa cha kupokelea mabaki ya chakula
Makazi: Chumba cha nyuma ya kituo hicho, mlango wa kijani
Kosa linalochunguzwa: Wizi wa maganda

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, natoa ushahidi kuhusu kuibwa kwa maganda ya viazi, maganda ya mayai, ndimu zilizokamuliwa na makombo ya keki yenye sukari ya bluu, mali ya Mama Keki, ambaye alikuwa anakwenda kuyatupa.

Kituo changu cha mboji kiko nyuma ya soko dogo. Kila Jumamosi asubuhi watu huleta mabaki ya jikoni kwa ndoo, nasi tunayaozesha yawe mboji ya bustani. Utaratibu wetu ni huu: aliyemwaga ndoo haondoki. Anashika uma mkubwa pamoja na aliyemfuata kwenye foleni, wanaligeuza lundo, wanalifunika kwa majani makavu. Wawili wawili. Hapo ndipo habari zote za mtaa hupikwa, maana uma ni mzito na mdomo ni mwepesi.

Baadaye watu wakaanza kuja na ganda moja la ndizi, wapige soga hadi adhuhuri. Kamati ikaamua kila ndoo ichorwe mstari mwekundu kwa ndani. Ndoo isiyofika mstari hairuhusiwi kumwagwa. Inarudi nyumbani ikajazwe, na mwenyewe anarudi nayo. Anayepima ni mimi.

Mtuhumiwa ni fundi saa mstaafu. Tunamwita Babu Dakika. Anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na wanawe wako mbali. Ana kisukari. Mwanzoni ndoo yake ilikuwa na majani ya chai, ganda la yai na ukoko wa mkate. Nilimrudisha. Jumamosi iliyofuata nilimrudisha tena, na ganda la yai lilikuwa lilelile. Mtu anayekula peke yake hafiki mstari hata ajitahidi vipi. Ndoo yangu mwenyewe sijawahi kuipima.

Kisha akaanza kuja na ndoo iliyojaa pomoni. Nilidhani amepata mgeni. Sikuuliza, kwa sababu kazi yangu ni kupima. Alishika uma zamu yake na zamu za waliochelewa, akicheka na kila aliyepangwa naye. Mwenzake akitaka kuondoka, Babu humwambia, "Bado kuna kipande hapa hakijageuka." Kilikuwa kimeshageuka.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 mwezi wa tatu, saa mbili na robo asubuhi, Babu alikuwa kwenye foleni. Nyuma yake alisimama Mama Keki, mwokaji wa keki za sherehe, ambaye nyumba yake na ya Babu zinagawana ukuta. Ndoo yake siku hiyo ilikuwa chini ya mstari, jambo ambalo kwa mwokaji ni aibu ya ukoo mzima. Akachungulia ndoo ya mbele. Akaona bluu.

"Babu, umeanza lini kuoka keki za harusi?"

"Tangu nipate mchumba, mwanangu."

Foleni ikacheka.

"Mchumba gani, na wewe hata mswaki wako unalala peke yake?"

Foleni ikacheka zaidi. Babu naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama saa inayoishiwa betri.

Mama Keki alisema kila Ijumaa huacha ndoo yake nje ya mlango, na kila Jumamosi huikuta imepungua. "Mimi nanunua sumu ya panya, kumbe panya mwenyewe ana mvi!" Akaikwapua ndoo ya Babu na kuja nayo hapa polisi. Babu alimfuata. Mimi nilifuata nikiwa bado na uma mkononi, jambo ambalo halikumfurahisha afande wa mlangoni.

Hapa kaunta niliuliza kama mtu anaweza kuiba kitu kinachokwenda kutupwa. Niliambiwa nisubiri kuulizwa. Babu hakukana.

"Nimeyachukua, afande. Lakini nimeyapeleka palepale alipokuwa akiyapeleka mwenyewe."

"Sasa wewe ulikuwa unapata nini?"

"Jumamosi."

Afande aliliandika neno hilo.

Mama Keki aliinamisha kichwa. "Si ungeniomba tu, Babu?"

"Niombe maganda, mwanangu? Mwenye kuomba chakula hupewa pole. Mwenye kuomba maganda hupelekwa kwa daktari."

Hapo hakuna aliyecheka.

Kamati imeniarifu kwamba shtaka likiandikwa, Babu atafutwa kwenye kituo cha mboji na hataruhusiwa kurudi. Kwa hiyo naomba iandikwe pia kwamba hakuna anayeligeuza lundo vizuri kumshinda yeye, na kwamba katika mali yote anayodaiwa kuiba, hakuna ganda hata moja ambalo halikufika lundoni, ila haya yaliyoletwa hapa kaunta. Afande amesema hayo si maelezo, ni maombi. Naomba yaandikwe hivyohivyo.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia, nimesomewa, nimeyakubali. Haya ndiyo maelezo yangu, sina ya kuongeza wala ya kupunguza.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya afande: Yameandikwa nami saa nne asubuhi. Mlalamikaji ameondoka bila kutia sahihi, akisema ameacha keki kwenye oveni. Kielelezo, yaani maganda, kimemwagwa jaani na mfagiaji wetu kwa sababu ya harufu, hivyo hakuna shauri. Ndoo imeoshwa, na Babu amekabidhiwa ikiwa tupu.