Mama Kwa Nini na Rangi za Watu

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipoketi ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu vya kazini, na moyo wako ukasimama kabla hujafikia kiatu cha pili.

Miaka ishirini na mitatu ulisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ukichanganya rangi. Ulizichanganya kwa jicho kabla mashine haijaletwa, na hata ilipoletwa ulikuwa unaisahihisha. Watu walikuja na kifungo cha shati, kipande cha pazia, ganda la rangi lililobanduka ukutani. Ulikitazama kitu, kisha ukauliza, "Kwa nini hiyo?" Haukuwa umbea. Ulisema mtu akishakueleza sababu, mkono hauendi kombo. Wateja wakakuita Mama Kwa Nini, na jina likakuganda.

Jioni ulituletea majibu yao mezani kama wengine wanavyowaletea watoto peremende. Muuza nyama alitaka chumba cheupe pe: "Mchana kutwa naona nyekundu. Nyumbani nataka kupumzika." Dereva wa lori alipenda kijivu cha lami inayoanza kukauka baada ya mvua, kwa kuwa hapo ndipo utelezi huisha na roho yake humrudia. Wako waliosema hawajui, na hao ndio uliowapenda zaidi. Uliwapa kiti wafikiri, foleni ikanung'unika wee.

Mtu mmoja tu hukuwahi kumuuliza, naye ni mdogo wako, Mama Mdogo wetu. Bibi, mama yenu, alipofariki, ulilipaka jiko lake la kijani chokaa nyeupe, ukidhani unawaficha wageni wa msiba masizi ya ukutani. Mama Mdogo alipofika akakuta ukuta wa kijani umefutika, aligeuka pale pale mlangoni akaondoka. Miaka sita hakukanyaga kwako.

Ulijaribu kukirudisha kijani kile kwa kumbukumbu. Ulimpelekea makopo madogo kumi na mawili kwa mkono wa Baba. Kumi na moja yalirudi na neno moja tu: "Sicho."

La kumi na mbili alilileta mwenyewe. Mpanga makopo wa dukani ndiye aliyetusimulia. Mama Mdogo alipanga foleni kama mteja yeyote, akafika mbele yako, akaliweka kopo juu ya kaunta. Hamkusalimiana.

"Sicho," alisema.

Ulilivuta kopo kwako. "Kwa nini unakitaka kile?"

"Nilipougua utotoni, Mama alinitandikia mkeka jikoni ili anione akiwa anapika. Wiki nne. Ukuta ule ndio niliokuwa nautazama. Wewe ulikuwa shule."

"Sikujua, mdogo wangu."

"Hukuuliza."

Ulifunga kaunta mchana kweupe, mkachanganya pamoja, yeye akikwambia ongeza, punguza, mpaka saa ya kufunga duka. Hamkukipata. Mlipata kitu kilichokaa kati ya kijani na tope, na Jumapili mkakipaka jikoni kwetu huku mkicheka. Baba alikula wiki nzima akitazama dirishani.

Mwezi uliopita tulikaa jikoni humo kupanga kumbukumbu hii. Mjukuu wako akauliza, "Maua yawe rangi gani? Bibi alipenda ipi?" Majibu ya watu wote tuliyasikiliza, ila wewe hakuna aliyekugeuzia swali. Tuliona haya, Mama.

Baba peke yake hakusita. "Nyekundu. Siku niliyomwona mara ya kwanza alivaa gauni jekundu. Tangu hapo nimemnunulia vyekundu tu: birika, kitambaa, mwavuli. Miaka thelathini na minne."

Mama Mdogo akaweka kikombe chini polepole. "Shemeji, gauni lile lilikuwa langu. Aliliazima kwa sababu lake lilikuwa halijakauka. Nyekundu hakuipenda hata kidogo. Alisema inapiga kelele."

Baba akainamisha kichwa. Tulidhani ameumia, na Mama Mdogo akaanza kujutia ulimi wake. Kisha tukaona mabega yanamcheza. Alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu ulipotutoka.

"Na ule mwavuli," akasema alipopata pumzi, "aliubeba kila siku, hata mvua isiponyesha wala jua lisipowaka."

Unakumbukwa na mumeo, mdogo wako, watoto wako wanne na wakwe zako, mjukuu wako, na wenzako wote wa dukani. Rangi yako bado hatujaijua, na tunaendelea kuulizana. Maadamu tupo, Mama, hutasahaulika.