Nondo wa Mistari Mitatu

Kanamkemer,
Lodwar.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Ekaale,

Ejok. Kabla ya yote, afya yako inaendeleaje huko Norwe? Binti yangu Pascaline aliona picha zako kwenye simu, akaniambia theluji imeisha na wewe umenenepa. Nimefurahi. Sisi tuliobaki tu wazima, na mbuzi wawili wamezaa.

Ujumbe wako wa rambirambi ulifika. Ulikuwa na sentensi nne, na mbili zilihusu sanduku. Waliokuja matangani niliwasomea zile mbili za kwanza. Nyingine nilizimeza, maana aibu yako ni aibu yetu sote.

Sanduku linakuja pamoja na barua hii. Nondo wako wa mchana wamo, kama ulivyowachoma sindano ulipokuwa mwanafunzi, tukiishi Kakuma. Ni wale wa bluu inayong'aa ambao ulitufundisha kuwaita Arniocera, hadi mama akaweza kulitamka jina hilo vizuri kuliko mimi. Ulimwambia huruka jua kali bila haraka, kwa sababu ni wachungu na ndege wanalijua hilo. Wenye mstari mmoja mwekundu wamo. Wenye miwili wamo. Yule mmoja wa mistari mitatu uliyemkamata kwenye mchanga wa laga ya Tarach, mto ulipokauka, ambaye unasema hakuna kitabu kinachomjua na bila yeye shahada yako ya huko imekwama, hayumo.

Usiwasingizie sisimizi. Kwa miaka saba mama alisimamisha miguu ya ile meza ya sanduku ndani ya mikebe ya maji ili wasipande. Kila Jumamosi alibadilisha kafuri, na macho yalipokwisha akawa anapapasa tu. Alikuwa akisema utakuja kulichukua mwenyewe, na siku hiyo atakushika uso. Asante ya punda ni mateke. Mwezi wa tatu ukaandika tulitume kwa ndege, huna nafasi ya kuja.

Nilimsomea ujumbe huo neno kwa neno. Ningeweza kumficha, sikutaka. Alisukuma kikombe cha chai kando, akasema, "Hao wengine mpelekee. Huyo wa mistari tatu abaki. Huyo ndio atamleta."

Hakumaliza mwezi. Shangazi Akal alipokuwa akimvisha nguo za mwisho, nilimtoa nondo wako kwenye sindano, nikamweka katika kiganja cha mama, nikakikunja. Nilijua thamani yake, Ekaale. Usiku huo nililala vizuri.

Shangazi Akal anakusalimu. Binamu Lomenen naye anakusalimu. Bado anakaa Kakuma, karibu na makaburi tulikomlaza mama, na anasema ukifika jembe analo. Mama alisema huyo nondo atakuleta, na sitaki aonekane mwongo.

Mungu akusafirishe salama.

Dada yako akupendaye hata sasa,
Nawoi